Mikono Midogo ya Dhahabu

Fundi Mdogo aliambiwa saa tatu asubuhi, na aliyemwambia alikuwa anacheka.

Hakuitwa Fundi Mdogo kwa sababu ya umri. Alikuwa mwanamke aliyevuka arobaini, na mvi mbili tatu zilikwisha kumchungulia. Aliitwa hivyo kwa kuwa mjomba wake, aliyemfundisha usonara, ndiye aliyekuwa Fundi Mkubwa, na jina likikushika ukiwa mtoto halikuachii. Mjomba alipumzika kazi mikono ilipoanza kumtetemeka. Duka likabaki kwa mpwa wake: chumba kimoja, meza ya mbao iliyojaa makovu ya moto, kabati la chuma, na dirisha moja la kioo linaloitazama barabara. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma yake alishona Sindano.

Sindano alikuwa mshonaji, binti mwembamba kama jina lake, asiye na baba wala mama. Mwaka juzi Fundi Mdogo alipougua mwezi mzima, Sindano alilifungua duka lake kila asubuhi, akafagia, akawaambia wateja kwamba fundi anarudi, wavumilie. Jioni alimpelekea uji. Tangu siku ile hakuwahi kuutaja wema huo. Kuna watu wakikutendea jema hukukumbusha kila mkikutana, kama saa ya ukutani. Huyu hakuwa wa namna hiyo.

Na leo alasiri, saa kumi, ndiyo ilikuwa posa yake.

"Dada, umeiona pete yangu?" alisema asubuhi hiyo, amesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. "Bibi yake mchumba wangu kaniambia iko kwako."

"Iko kabatini. Imetakata mpaka inajiona yenyewe."

"Basi leo na mimi nitaiona ikifunguka."

"Ikifunguka vipi?"

"Wewe dada, sonara mzima hujui? Si pete moja ile. Ni mbili zimelaliana. Ukiisukuma pembeni, ile mikono inaachiana, unapata nusu mbili. Nusu anavaa mwenzangu, nusu navaa mimi, mpaka siku ya ndoa ndipo zinarudi pamoja, nazivaa mwenyewe. Bibi anaifungua mbele ya watu wote." Akacheka, akajifunika mdomo. "Na shangazi yake mchumba wangu kasema mbele ya ukoo mzima kwamba pete ikigoma kufunguka, basi na posa imegoma. Nadhani anakesha akiomba igome. Anasema sina kwetu."

Fundi Mdogo aligeuka akashika tupa ambayo hakuihitaji.

"Dada? Mbona umenyamaza?"

"Moshi umeniingia machoni."

"Moshi gani, na moto hujawasha?" Sindano alicheka tena, akarudi kwake. Baada ya muda kidogo cherehani yake ilianza kulia nyuma ya ubao, tatata, tatata, kama mtu anayekimbia kwa viatu vidogo.

Fundi Mdogo alikaa.

Jumatatu Bibi, nyanya yake mchumba, aliileta pete hiyo mwenyewe, imefungwa kwenye leso. Ilikuwa pete ya kale ya dhahabu, na juu yake mikono miwili midogo, kila mmoja mkubwa kama punje ya mchele, imeshikana kama watu wanaosalimiana. Mkono mmoja ulikuwa umepoteza kidole chake kidogo. "Isafishe tu, mwanangu, ing'ae," Bibi alisema. "Mjomba wako anaijua." Akaenda zake, maana miguu ilikuwa ikimsumbua.

Akiisafisha, Fundi Mdogo aliona mstari mwembamba kama unywele umeizunguka pete yote. Akasema moyoni, maskini, pete ya watu imepata ufa. Siku moja itamkatikia binti kidoleni. Akachukua lihamu, ile dhahabu laini ya kuungia inayoyeyuka upesi kuliko dhahabu yenyewe, akauziba mstari ule pande zote, akasugua mpaka hakuna jicho ambalo lingeuona. Wala hakukusudia kumwambia mtu. Ilikuwa zawadi yake ya siri kwa Sindano.

Zawadi hiyo sasa aliitoa kabatini kwa mkono uliojaa jasho. Akaisukuma pembeni kwa kidole gumba. Akasukuma tena mpaka ukucha ukamuuma. Ilikuwa imara kama jiwe. Alikuwa amefanya kazi safi. Hata yeye hakuona pa kuanzia.

Alikumbuka aliyofundishwa utotoni kwenye meza hii hii. Mjomba alikuwa akifanya kazi huku akisimulia: kwamba zamani sana, mbali, wachumba walivishana pete za chuma, sababu chuma hakikubali kupinda, kwamba watu wa kale waliamini kuna mshipa unatoka kidole cha pete moja kwa moja mpaka moyoni, kwamba mikono iliyoshikana ilichongwa kwenye pete kabla babu wa babu yake hajazaliwa, kuonyesha kwamba ahadi ni mkono kwa mkono. Na aliwahi kutaja pete pacha. Alisema hufunguka. Fundi Mdogo alikuwa na miaka kumi na mbili siku hiyo na alikuwa akitazama mbwa barabarani.

Alimpigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti yako inatembea na magongo? Kuna nini?"

Akamweleza.

"Ile yenye mikono?" mjomba aliuliza. "Mkono mmoja hauna kidole kidogo?"

"Ndiyo hiyo. Kumbe unaijua."

"Naijua," mjomba alisema, akakohoa. "Naijua sana. Umetia lihamu gani, ngumu au laini?"

"Laini."

"Basi Mungu hajakuacha. Sikiliza. Ile mikono nayo imeungwa kwa lihamu. Moto ukiifikia, inadondoka. Ifunike kwa udongo mbichi. Pasha mstari tu, taratibu, na lihamu yako ikianza kung'aa kama jicho la paka, ndipo ivutwe. Mapema, utapinda pete. Ukichelewa, utakuwa na tone la dhahabu mezani. Na ni kazi ya mikono minne. Mmoja ashike moto, mwingine avute. Ukijaribu peke yako umekwisha."

"Njoo unishikie, mjomba."

"Kwa mikono hii? Jana nimejimwagia chai mpaka goti limelowa. Mwambie mwenye pete."

"Nitaanzaje?"

"Utaanza kwa kuogopa, kama sisi wote. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Saa tano ikapita. Bibi alikuwa ameahidi kuja saa nane. Fundi Mdogo aliukanda udongo, akawasha moto, akauzima. Akauwasha tena. Alisimama mbele ya ukuta wa mbao, akainua kiganja ili agonge. Sindano alikuwa na mikono mitulivu kuliko mtu yeyote wa mtaa ule. Lakini utamwambiaje bi harusi mtarajiwa, siku ya posa yake, njoo unisaidie kuivunja pete utakayovishwa? Akiona ikiyeyuka mbele ya macho yake je? Tatata, tatata. Akakishusha kiganja.

Ndipo mlango ulipofunguliwa, na aliyeingia hakuwa Bibi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mnyoofu, mwenye saa ya kifuani kama wavaavyo wauguzi. Fundi Mdogo alimjua kwa sura, nani asiyemjua? Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, miaka thelathini akiwashikia madaktari mikasi, na wagonjwa walisema hata maumivu yalimwogopa. Huyu ndiye alikuwa shangazi yake mchumba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mama amevimba miguu. Nimekuja kuichukua mimi."

"Nilijua ni saa nane."

"Na mimi nimekuja saa sita. Ipo?"

Ilikuwa mezani, ndani ya kisanduku chake, wazi. Shangazi aliichukua, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kisha, bila kuangalia, kama mtu afungaye kifungo alichokizoea, akaisukuma pembeni kwa kidole gumba.

Haikusogea.

Akajaribu tena. Uso wake haukubadilika, ila Fundi Mdogo aliona kifua kile chenye saa kimesimama, hakipumui.

"Imegoma," Shangazi alisema, polepole.

Na hapo hofu ikamwonyesha Fundi Mdogo mlango wa kutokea. Ulikuwa wazi kabisa. Anyamaze tu. Hakuna mtu aliyeuona ule mstari isipokuwa yeye. Pete imegoma yenyewe, kama alivyotabiri mwenyewe Shangazi. Nani atamlaumu sonara? Duka lingebaki, na jina la mjomba lingebaki safi. Angelipa mtu mwingine, huyu aliye nyuma ya ubao.

"Haijagoma, shangazi," alisema. "Ni mimi. Niliona kama ufa, nikauziba. Nilidhani natenda wema."

Shangazi alimgeukia. Fundi Mdogo aliyaona macho yale ambayo wagonjwa walikuwa wakiyasimulia, akatamani sakafu ifunguke badala ya pete. Lakini alikuwa amekwisha kuanza, na maneno yakiisha kutoka huwezi kuyarudisha, akamweleza yote: lihamu laini, udongo, moto, mikono minne.

Shangazi alivuta kiti, akakaa. Aliiweka pete katikati ya meza.

"Unajua ningeweza kuitia mkobani hivi hivi nikaondoka."

"Najua."

"Na leo saa kumi ningekuwa nimeshinda."

"Najua, shangazi."

Nyuma ya ukuta cherehani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia tena.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Siku ya posa yake anashona nguo za watu?"

"Anashona gauni lako," Fundi Mdogo alisema. "Lile la zambarau ulilomletea juzi. Lake mwenyewe bado halina mikono. Ameniambia atavaa shali, haitaonekana."

Shangazi aliutazama ubao kwa muda. Alikuwa na namna ya kutazama kama anayesoma joto la mgonjwa.

"Nilimletea makusudi," alisema. "Nilitaka aseme hawezi."

Kisha akavua saa yake ya kifuani, akakunja mikono ya blauzi, akaenda kwenye ndoo iliyo kwenye kona. Akanawa mpaka kwenye viwiko, kidole kwa kidole, kama siku zote za kazi yake. Akarudi na mikono imeinuliwa, maji yakimtiririka.

"Nionyeshe pa kushika."

Fundi Mdogo aliifunika ile mikono midogo kwa udongo, akaibana nusu moja ya pete kwenye kibano cha chuma juu ya tofali. Kwenye ukingo wa nusu ya pili aliweka koleo jembamba, akamkabidhi Shangazi mpini. "Usivute mpaka niseme. Nikisema, vuta kama unavyotoa mwiba kwa mtoto."

"Nimetoa vitu vikubwa kuliko mwiba," Shangazi alisema. "Washa."

Moto ulitoka mwembamba, wa buluu. Fundi Mdogo aliuzungusha, aliuzungusha, na hakuthubutu kupepesa macho. Dhahabu ikabadilika kidogo kidogo, ikawa na wekundu wa mbali, kama uso wa mtu mwenye aibu. Wekundu huo yeye aliujua, na aliujua pia ule unaoufuata, ambao baada yake hakuna pete tena. Jasho lilimdondoka puani. Mkono wake ukaanza kucheza, na moto nao ukacheza.

"Pumua," Shangazi alisema kwa sauti ndogo ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia. "Mimi sitetemeki. Tetemeka wewe kwa kadiri upendavyo, mimi nipo."

Kipande cha udongo kilikauka, kikapasuka, kikaanguka. Ncha ya kidole kimoja cha dhahabu ikachungulia nje. Fundi Mdogo aliona kikianza kulainika, kikajikunja, kikawa kitone. Hakuweza kuacha. Mstari ulikuwa haujang'aa bado. Kisha ukang'aa, ukapita kama jicho la paka gizani.

"Sasa."

Koleo lilisogea. Hakukuwa na sauti. Pete ilifunguka kama kitabu.

Fundi Mdogo aliuzima moto, akaenda ukutani, akaegemea, akalia bila kelele. Shangazi alimwacha amalize. Hakusema nyamaza, na hiyo nayo ni huruma.

Pete ilipopoa, waliona upande wa ndani, ule unaolala umefichika. Kulikuwa na nukta ndogo zimegongwa kwa msumari, safu mbili, moja kila nusu.

"Kila wakioana, wanagonga nukta mbili," Shangazi alisema. "Hii ya mama na baba. Hii ya kaka yangu na mkewe." Kidole chake kilipita, kikasimama mahali palipo laini, patupu. "Hapa ingekuwa yangu. Nilivaa nusu yangu miaka sita. Nusu yake ililetwa ndani ya bahasha, hata barua haikuwamo."

Mwenye kovu usidhani kapoa, Fundi Mdogo aliwaza, lakini hakusema.

"Watu wanadhani namdharau yule binti kwa kuwa hana kwao," Shangazi aliendelea. "Naogopa atasubiri, kama nilivyosubiri mimi. Na mimi nilikuwa na mama wa kunifuta machozi. Yeye atafutwa na nani?"

"Na mimi," Fundi Mdogo alisema.

Shangazi alimtazama, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anayepokea taarifa ya zamu. Akasimama, akagonga ukuta wa mbao mara tatu kwa kifundo cha kidole.

"Binti. Acha hilo la zambarau. Shona mikono yako."

Cherehani ilinyamaza. Ikachukua muda mrefu kabla ya kuanza tena.

Saa kumi sebule ya Bibi ilijaa watu mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya viti. Fundi Mdogo alikaa karibu na mlango, mgongo wake umelowa. Alikuwa ameisugua pete, akatoa mabaki yote ya lihamu, na ilikuwa ikifunguka vizuri. Aliijaribu mara ishirini. Lakini kidole kilichoyeyuka kilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Kilikuwa kidole cha shahada cha ule mkono mwingine, ule uliokuwa mzima, na sasa kilikuwa kibutu.

Sindano alikuwa kwenye mkeka katikati, gauni lake likiwa na mikono yote miwili. Shangazi alisimama nyuma yake, amevaa gauni kuukuu la kijani.

Bibi alichukua pete, akaisukuma. Haikufunguka.

Chumba kikafa. Mtu mmoja aliguna. Fundi Mdogo alisikia damu yake masikioni, tatata, tatata. Wote wakamgeukia Shangazi, maana ndiye aliyesema.

"Mama," Shangazi alisema, "unaishika kinyumenyume. Vaa miwani yako."

Watu wakacheka. Bibi akaigeuza, akasukuma, na mikono midogo ikaachiana, taratibu, kama watu walioagana na ambao wataonana tena. Sindano alinyoosha kidole. Alikuwa anatetemeka kuliko wote.

Vigelegele vilipopungua, Fundi Mdogo alijisogeza mpaka kwenye kiti cha Bibi, akapiga magoti. Bibi alikuwa amemshika mchumba mkono, mjukuu wake, akiitazama nusu ya pete kidoleni mwake, akigusagusa kile kibutu.

"Bibi, nina neno la kukuambia."

"Kuhusu hiki?"

"Ndiyo. Niliziba pete yako. Nilidhani ni ufa. Kuifungua, nikakiyeyusha. Nisamehe."

Bibi akauvuta mkono wa Sindano upande wa pili, akaonyesha mkono mdogo wa dhahabu usio na kidole cha mwisho.

"Na hiki unamjua aliyekila?"

"Simjui, Bibi."

"Mjomba wako. Mwaka nilioposwa mimi. Naye aliona ufa, naye akaziba, naye akaja kwa mama mkwe wangu akilia kuliko wewe. Nilidhani amekwisha kukuambia, ndiyo maana sikukuonya." Akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika. "Yeye alikula kidole kidogo, wewe umekula cha shahada. Mwanafunzi kampita mwalimu."

"Kaniambia anaijua sana," Fundi Mdogo alisema, na sauti yake ikakatika katikati ya kicheko na kilio.

"Na vidole gumba vyote vipo," Bibi alisema. "Hivyo ndivyo vinavyoshika. Inuka, mwanangu, magoti si ya kuchezea. Ukifika kwenu mwambie mjomba wako nimeficha siri yake miaka hamsini, na leo nimechoka."